Zebaki kidogo ndani ya ubongo

Kule Ituri wachimbaji wa dhahabu wanachoma zebaki, ile wanaita merkiri. Mvuke wake unaingia mapafuni, halafu damuni, mpaka kwa ubongo. Wanasema: kidogo haiui. Kweli, chembe ya ubongo haifi palepale. Lakini kazi ya jeni zake inageuka: zile za kutengeneza metalothioneini, protini yenye kukamata sumu, zinaamka hata kama mwenyewe anajisikia muzima. Sisi tunaogopa zaidi juu ya mtoto aliye tumboni, sababu ubongo wake ungali unajengwa. Huko Minamata, Japani, ugonjwa ulijulikana mwaka 1956. Pale zebaki ya namna ingine ilitoka kwa samaki. Watoto walizaliwa na ubongo ulioharibika, na mama wengine walionekana wazima kabisa.