Nondo Aitwaye Kazuri

Jioni taa inapowashwa, kadudu kadogo kuliko punje ya mchele huja kutua ukutani. Mama huchukua kitambaa, akakapangusa, na mambo yakaishia hapo. Laiti angekatazama kwanza kwa kioo cha kukuzia! Huenda angeona mabawa ya rangi ya dhahabu yaliyochorwa mistari myeupe, kama kanga ya sikukuu.

Huyo ni nondo; si nondo za fundi wa ujenzi, bali yule ndugu wa kipepeo. Wapo wadogo mno ambao wataalamu huwaita Phyllonorycter, na bawa la mmoja wao lina urefu wa milimita chache tu. Mnamo 2012, watafiti Jurate De Prins na Akito Kawahara walichapisha uchunguzi mkubwa kuhusu jamii hii barani Afrika. Miongoni mwa nondo wa Kenya waliopewa majina ni mmoja aitwaye ololua, jina la ule msitu wa Karen, Nairobi. Mwingine akaitwa kazuri. Naam, Kiswahili chetu hicho!

Atambuliwaje?

Kwanza kabisa, tazama nyumba yake. Kiwavi wake haishi juu ya jani bali ndani yake, kati ya ngozi ya juu na ya chini, akila nyama ya jani polepole. Hutandaza nyuzi za hariri humo, na zinapokaza, jani hujikunja likawa kama hema. Kwa kuwa wengi wao huchagua mimea michache tu, kuujua mti ni nusu ya kumjua nondo. Mtafiti hulichuma jani hilo, akalitia chupani na kungoja mwenyewe atoke.

Pili, mabawa huchunguzwa kwa hadubini, mstari kwa mstari. Lakini rangi hudanganya. Nondo wawili wanaweza kufanana kama mapacha, kumbe ni wa aina mbalimbali. Hapo ndipo tumbo hupasuliwa na viungo vya uzazi kulinganishwa na vya nondo waliohifadhiwa katika majumba ya makumbusho.

Tatu, kuna DNA. Mwaka wa 2003, Paul Hebert wa Chuo Kikuu cha Guelph, Canada, alipendekeza kipande kimoja kifupi cha DNA, chenye herufi zipatazo 650, kitumike kutofautisha wanyama. Mguu mmoja tu wa nondo waweza kutosha.

Yatufaa nini?

Huenda msomaji akauliza, jina la mdudu litampikia nani ugali? Muulize mkulima wa nyanya. Mnamo 2014, nondo mdogo wa kijivu kutoka Amerika Kusini, Tuta absoluta, aliripotiwa humu nchini. Kiwavi wake pia huchimba ndani ya majani, kisha huingia katika tunda lenyewe. Aliyemdharau alivuna nyanya zilizotobolewa. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Lakini anayenyunyizia dawa kila jani lenye doa hukosea pia. Dawa kali huua hata nyigu wadogo wanaotaga mayai yao kwa viwavi na kuwaangamiza bila malipo. Asiyemjua adui wake humpiga rafiki.

Tena kuna misitu. Nondo anayetegemea mti mmoja huondoka na mti huo ukikatwa. Ikiwa hakuna aliyempa jina, hakuna atakayejua kwamba ameondoka.

Kwa hivyo, mwanafunzi, Jumapili hii tafuta jani lenye doa jeupe lililofura. Litie katika chupa yenye karatasi yenye unyevu kidogo, uifunike kwa kitambaa chepesi, uandike tarehe na jina la mmea, kisha ungoje. Nawe mzazi, usiitupe chupa hiyo. Huenda akatoka nyigu, huenda asitoke yeyote. Au huenda asubuhi moja mkakuta kadudu ka dhahabu kametua kiooni, kadogo, tena kazuri.