Mbegu Ndani ya Debe ni Kitu Kilicho Hai

Huku Tabaka jiwe la sabuni huchimbwa kilimani, likachongwa kwa panga na kisu, likasuguliwa kwa msasa na maji, hata likawa kuku au kiboko wa kupendeza. Kuku huyo aweza kukaa dirishani miaka 50 bila kudhurika. Hali, hapumui, hakui, wala hatagi. Sasa weka kando yake punje moja ya haragwe. Ukitazama kwa macho, vyote viwili ni vitu vigumu vilivyotulia. Lakini punje ina uhai ndani yake, na isipotunzwa itakufa.

Nasema hivi kwa sababu ya jambo lililonipata mwenyewe. Mwaka wa kwanza nilipopata shamba langu dogo, niliyaanua maharagwe kabla hayajakauka vizuri, nikayatia katika debe, nikafunga kifuniko kwa nguvu nikidhani nimeyahifadhi. Mvua za Machi zilipofika nikapanda mistari 20. Zilizoota zilikuwa za kuhesabu kwa vidole. Nami nilisomea ualimu kabla ya kuwa karani, na darasani nilikuwa nimewafundisha watoto kwamba kila chenye uhai hupumua! Nilitoa mfano wa mbuzi na wa mti. Debe langu sikulifikiri.

Mbegu hupumua. Ndani ya punje mna mmea mchanga uliolala, pamoja na akiba yake ya chakula, yaani wanga, mafuta na protini. Mmea huo huvuta oksijeni, huchoma chakula chake kidogo kidogo, na kutoa joto, maji na hewa ya kabonidioksidi. Punje ikiwa kavu, kazi hiyo huenda polepole sana na akiba hutosha hata msimu ujao. Ikiwa na maji mengi, hupumua kwa haraka, hupata joto, hutoa jasho ndani ya debe, ukungu huingia, na mmea hufa kabla ya kuona udongo.

Basi, ndugu mkulima, kabla ya kufunga debe chukua chupa kavu ya kioo, tia punje kiasi na chumvi kavu kidogo, tikisa vizuri, kisha iache kwa dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mbegu bado ni mbichi. Irudishe juani juu ya mkeka. Na majuma mawili kabla ya kupanda, hesabu punje 100, zifunge katika kitambaa chenye unyevu, usikiache kikauke, na siku ya 7 fungua uhesabu. Zikiwa zimeota 80 au zaidi, panda kama kawaida. Zikiwa chini ya 50, tafuta mbegu nyingine. Hizo, kama hazina ukungu wala dawa, ni za chungu. (Haya nayasema juu ya maharagwe na wimbi. Mahindi ya chotara ni ya kununua kila mwaka, kwa maana mbegu ya shambani haizai sawa na mama yake.)

Mmea ukishaota, je, mwili wake unajengwa kwa kitu gani? Wengi husema mimea hula udongo. Zamani mtaalamu mmoja wa Ubelgiji, Jan Baptist van Helmont, alipanda mti mdogo katika pipa lenye pauni 200 za udongo mkavu, akaunywesha maji tu kwa miaka 5. Mti uliongezeka pauni 164, na udongo ulipungua aunsi 2 hivi. Yeye alidhani mti wote umetokana na maji. Habari hiyo ilichapwa mwaka 1648; baadaye ilijulikana kwamba sehemu kubwa hutoka hewani.

Ukikausha kabisa mabua ya mahindi upate kilo 100, kilo 45 hivi ni kaboni, ambayo majani yaliitoa katika hewa kwa nguvu za jua. Kilo 45 nyingine ni oksijeni, na 6 ni haidrojeni iliyotoka katika maji. Zinabaki kilo 4 tu, na hizo ndizo za udongo: naitrojeni, fosforasi, potasiamu na nyinginezo. Ni kidogo, lakini bila naitrojeni hapana protini, na bila fosforasi hayawezi kuandikwa yale maagizo ya urithi yaliyomo katika kila chembe ya mwili, yanayofanya haragwe lizae haragwe. Kila gunia likienda sokoni, vitu hivi huenda nalo.

Hapa ndipo ninyi wa mashamba ya skimu, kule Borabu na kwingineko, mwangalie sana. Udongo wetu mwekundu una tabia ya uchachu, nao huishika fosforasi kwa nguvu, mizizi isiipate. Kwa hiyo mbolea ya kupandia isitupwe ovyo shamba zima. Itiwe ndani ya shimo, ifunikwe kwa udongo kidogo, ndipo mbegu iwekwe juu, zisigusane. Samadi iliyooza vizuri nayo husaidia.

Naitrojeni yaweza kupatikana bure. Maharagwe yakianza kutoa maua, ng'oa shina moja taratibu uone vinundu kwenye mizizi. Humo wamo viumbe wadogo sana wanaoichukua naitrojeni hewani na kuupa mmea. Pasua kinundu kwa ukucha. Kikiwa chekundu ndani, wanafanya kazi. Kikiwa cheupe au cha kijani, hawafanyi.