Je, huzuni inahitaji picha ya ubongo?

(Muziki unashuka.)

Mama mmoja kambini ametuuliza: "Dada yangu anakaa Mbuya, Kampala. Amesikia kuna mashine ya kupima serotonini kichwani. Mimi silali, sili, nalia kila siku. Je, niuze mbuzi wangu nipate nauli?"

Mama, pole sana. Usimuuze mbuzi kwanza. Sikiliza.

Serotonini ni kemikali ambayo seli za ubongo hutumia kupeana habari. Inahusika na usingizi, hamu ya kula na hali ya moyo. Mashine ipo kweli, inaitwa PET. Mtu hudungwa dawa yenye mionzi kidogo, nayo hukaa pale serotonini inapokaa. Anapigwa picha. Kisha hupewa dawa nyingine inayofanya seli zimwage serotonini, anapigwa picha tena. Serotonini ikimwagika, huiondoa ile dawa ya mionzi mahali pake, na alama zake kwenye picha hupungua. Kupungua huko ndiko kipimo.

Mwaka 2022 watafiti wa London walitangaza kuwa wamepima hivyo watu 17 wenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, na 20 wasio nayo. Kwa wastani, wenye sonona walimwaga serotonini kidogo zaidi. Lakini huo ni utafiti wa watu wachache. Picha hiyo haiwezi kumwambia daktari kama wewe unaumwa. Sonona hutambuliwa kwa mazungumzo, hata huko London.

Na msaada pia hauhitaji picha. Hapa Uganda, katika Rhino Camp, wanawake wakimbizi 694 kutoka Sudan Kusini walishiriki utafiti uliochapishwa mwaka 2020. Waliokutana mara tano kwa vikundi, wakisikiliza mafunzo yaliyorekodiwa, walipungukiwa na msongo kuliko wenzao.

Kwa hiyo, mama, anza na mhudumu wa afya hapo kambini. Mwambie umekosa usingizi tangu lini, na kama kazi za nyumbani zinakushinda. Akiona haja, atakupa rufaa. Butabika, hospitali ya taifa ya afya ya akili, haiko mbali na Mbuya kwa dada yako. Na huko pia daktari ataanza kwa kukuuliza maswali.

Kama tayari unameza dawa, usiziache ghafla. Na wewe unayewaza kujiua, usibaki peke yako. Mwambie mtu unayemwamini, leo hii.

(Muziki unapanda.)