Lugha ya Mwalimu na Mwanafunzi Mwenye Ulemavu katika Somo la Sayansi

Mwaka 2006 Fizikia, Kemia na Biolojia zilifanywa kuwa masomo ya lazima katika shule za sekondari za Uganda. Mtaala mpya ulioanza mwaka 2020 uliendeleza msimamo huo, na ukakifanya Kiswahili nacho kuwa cha lazima katika vidato viwili vya mwanzo. Kwa hiyo mwanafunzi asiyeona au kiziwi hawezi kuikwepa sayansi. Anaweza tu kufundishwa vizuri au vibaya.

Shule maalumu zipo, kwa mfano Shule ya Sekondari ya Viziwi ya Mbale. Hata hivyo, si kila mtoto wa Nakaloke atafika huko. Wengi watasoma katika shule iliyo karibu na kwao, na mwalimu ambaye hakusomea elimu maalumu. Makala haya yananuia kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya kizuizi huwa katika lugha ya mwalimu mwenyewe. Ingawa sayansi nchini hufundishwa kwa Kiingereza, tutatumia mifano ya Kiswahili, kwani kanuni ni ileile.

Kwanza, viashiria. Mwalimu husema: "Hiki ukikitia humu, hii inakuwa hivi." Sentensi hiyo ni sanifu, lakini maana yake imo katika kidole cha msemaji. Kwa asiyeona haina kitu. Mwalimu ataje nomino na tokeo: "Nikiichovya karatasi ya litmasi ya buluu katika maji ya limau, inageuka kuwa nyekundu."

Pili, hesabu zinazosomwa kwa sauti. "Tano mara mbili kujumlisha tatu" ni ngapi? Ubaoni mabano huamua kama jibu ni 13 au 25, sikioni hayapo. Hatuna budi kuyatamka: "tano mara, fungua mabano, mbili kujumlisha tatu, funga mabano." Aidha, mwalimu asome polepole. Katika nukta nundu kila alama huundwa kwa nukta zisizozidi sita, na tarakimu hutumia maumbo ya herufi a hadi j yakitanguliwa na alama ya namba. Mwandishi anahitaji muda.

Tatu, istilahi. Katiba ya mwaka 1995 inaitaka serikali kuendeleza lugha ya alama kwa ajili ya viziwi, lakini dhana nyingi za sayansi hazina alama iliyozoeleka. Mkalimani hulazimika kutahajia neno kwa vidole, herufi moja moja. Neno kama "usanisinuru" likitajwa kwa haraka humwacha nyuma. Mwalimu aliandike ubaoni, alichanganue (usanisi, nuru), kisha aeleze: mmea hujitengenezea chakula kwa kutumia nuru ya jua. Isitoshe, asizungumze akiwa ameupa mgongo darasa, maana wapo wanaosoma midomo.

Vifaa navyo vinahitajika, lakini si vyote vya gharama. Uzi uliobandikwa kwa gundi juu ya karatasi ngumu hutosha kuonyesha vena za jani kwa kupapasa.

Sisi walimu wa lugha tunawafunza wanafunzi wetu kueleza kitu hadi asiyekiona akifahamu. Ustadi huo tusiuache katika somo la insha. Tuupeleke kwa wenzetu wa maabara, kwani huko ndiko mwanafunzi huyu anakoachwa nyuma.