Namna ya kulinganisha jiko na meza yake na ukuta

Ninyi baba na mama wa vijiji, mara nyingi mmeona jiko zuri la udongo, limejengwa kwa bidii, lakini nyuma yake pana nafasi ambamo mkono wa mtoto unaweza kuingia. Panya wanalala humo. Maji ya sombe yanamwagika humo na kuoza. Tena ubao wa meza haufiki ukutani, na visu vinaanguka chini. Watu husema: fundi ni mvivu. Mara nyingine si uvivu. Fundi alidhani ya kuwa ukuta umenyoka.

Hakuna ukuta wa udongo ulionyoka. Basi, kabla ya kupiga tofali moja, fungeni jiwe kwenye kamba, mtundike juu ya ukuta, kamba ining'inie. Pimeni nafasi kati ya kamba na ukuta juu, katikati na chini. Mtaona tumbo la ukuta liko wapi.

Kosa kubwa ni kulifunga jiko ndani ya ukuta. Mimi mwenyewe nilifanya hivyo nilipomjengea mama mkubwa jiko langu la kwanza. Nilitoboa ukuta, nikaingiza matofali ya jiko humo kama meno, nikajisifu. Mvua zilipokuja, sakafu ililainika, jiko likazama kidogo, nalo likavuta ukuta. Ufa wa urefu wa mkono ukatokea, ubao ukainama, sufuria ya maji ya moto ikamwangukia mguuni. Alikaa siku nyingi bila kwenda shambani.

Kwa hiyo chimbeni kwanza sakafu shibiri moja mahali pa jiko, mjaze vipande vya matofali na udongo, mshindilie sana. Udongo wa kichuguu ni mzuri, lakini peke yake hupasuka. Uchanganyeni na mchanga na majani makavu yaliyokatwa vipande vifupi, ulale na maji siku mbili. Kati ya jiko na ukuta wa matofali acheni nafasi ya vidole viwili. Jazeni humo mchanga na majivu. Mchanganyiko huo haushiki: jiko likishuka, linashuka peke yake. Juu yake pakeni udongo mwembamba unaoteremka kuja mbele, maji yasiingie nyuma. Udongo huo ukipasuka, si kitu, mama ataupaka tena pamoja na sakafu.

Ukuta wa miti na udongo ni jambo jingine. Miti iliyo ndani hukauka kwa joto na kushika moto. Hapo acheni dhiraa nzima, wala msijaze kitu. Na kama paa ni la majani, jiko likae mahali paa lilipo juu, si chini ya ukingo wake.

Msichukue mawe ya mtoni kwa jiko, hupasuka motoni na kuruka. Wala msichukue mawe ya mgodi, hata kama yamelala karibu na njia bure na rangi yake inapendeza. Mengine yakipata moto hutoa moshi wenye sumu, na vumbi lake huingia katika chakula.

Sasa meza. Jengeni miguu miwili ya matofali, ubao ulale juu yake. Kuhusu urefu, muulizeni yule atakayepika, si bwana wa nyumba! Mama anayesonga bukari akiketi kwenye kiti kifupi hataki jiko la kufika kiunoni.

Kuufanya ubao ufuate ukuta ni kazi ndogo, nami naipenda kuliko nyingine zote. Usogezeni ubao mpaka uguse tumbo la ukuta. Tafuteni mahali nafasi ilipo kubwa kupita pengine, mkate kijiti chenye urefu sawa na nafasi ile. Shikeni kipande cha kaa kwenye ncha moja ya kijiti. Ncha ya pili iguse ukuta, kijiti kisipinde upande, mkikokote toka mwanzo wa ubao hata mwisho. Kaa litachora juu ya ubao mapindo yote ya ukuta. Kateni kwa msumeno au tezo kwenye mstari huo, kisha sukumeni: ubao utaingia kama kifuniko chake. Mti wa mulombwa unafaa, hauozi upesi. Lakini ubao usiguse jiko. Wekeni kati yake safu mbili za matofali.

Jiko likikwisha, likae majuma mawili au matatu bila moto, lisipigwe na jua. Siku za kwanza washeni moto mdogo wa vijiti, saa moja tu. Makala yangojee.