MOSHI WA PAMPU YAKO UNAKWENDA WAPI?

Ndugu mkulima, pampu ndogo za petroli zimekuwa nyingi katika mashamba ya skimu hapa Kwa Vonza na kando ya mito yetu ya mchanga kama Tiva. Kwa pampu hizo watu wanyunyizia nyanya, sukuma wiki na miche ya maembe wakati ambapo zamani shamba lilikaa bure likingoja mvua. Mtu anunuapo pampu huuliza bei yake, huuliza yala petroli kiasi gani, tena huuliza yatoa maji mangapi. Ni wachache sana waulizao habari za bomba la moshi. Basi leo twataka kueleza habari za bomba hilo, ambalo mafundi huliita ekzosi, na lile kopo lake la kupunguza kelele liitwalo sailensa.

Kwanza tukumbushane jinsi injini ifanyavyo kazi. Injini nyingi za pampu, na karibu pikipiki zote za boda boda siku hizi, ni za mipigo minne. Mpigo wa kwanza pistoni yashuka na kuvuta hewa iliyochanganyika na petroli. Wa pili yapanda na kuikandamiza. Wa tatu plagi yatoa cheche, petroli yawaka na kuisukuma pistoni chini kwa nguvu; hiyo ndiyo kazi uliyoinunulia. Wa nne pistoni yapanda tena, valvu ya moshi yafunguka, na moshi wote watolewa nje. Moshi usipotoka, hewa mpya haipati nafasi ya kuingia. Jaribu wewe mwenyewe kuvuta pumzi ya pili kabla hujaitoa ya kwanza, utaona taabu ya injini yenye sailensa iliyoziba: yawaka, yanguruma, lakini maji hayafiki shambani, na kichwa chake chapata moto kupita kiasi.

Nini huziba sailensa? Katika nchi yetu mkosaji wa kwanza ni nyigu wa udongo. Pampu ikiwekwa ghalani miezi miwili mitatu wakati wa mvua, nyigu huyo huona tundu la sailensa kuwa ni nyumba aliyojengewa. Ukija kuivuta kamba, injini yakohoa mara moja na kunyamaza. Wengi hupeleka kabureta kwa fundi, wakalipia kazi ambayo haikuhitajiwa. Kabla ya kwenda kwa fundi, chukua waya mwembamba uingize polepole katika tundu la sailensa injini ikiwa baridi. Na dawa ya kumzuia nyigu haina gharama: ziba tundu kwa gunzi la mahindi uwekapo pampu, na kwenye gunzi hilo funga kitambaa chekundu kirefu, upate kukumbuka kulitoa siku ya kuanza kazi.

Mkosaji wa pili ni masizi. Hapa yafaa kusema wazi kwamba injini ya mipigo minne iliyo nzima haitoi masizi mengi. Ukiyaona mengi, ugonjwa hauko katika sailensa, uko mahali pengine. Moshi mweusi maana yake petroli ni nyingi kuliko hewa: labda umesahau kurudisha choki, au chujio la hewa limejaa vumbi, na vumbi la Kwa Vonza mwalijua. Moshi wa buluu maana yake oili inaungua: labda umeijaza kupita alama, au pampu ililazwa ubavu ikibebwa kwa pikipiki, au ringi za pistoni zimekwisha. Tena wako watu waliozoea injini za mipigo miwili, kama za misumeno ya kukatia miti, ambazo oili huchanganywa na petroli. Hao wakipata pampu ya mipigo minne huendelea kuchanganya. Haifai hata kidogo. Injini hii ina oili yake chini, mbali na petroli. Ukiichanganya wajaza sailensa masizi na kuchafua plagi.

Moshi mweupe wa asubuhi usikutie hofu kama watoweka baada ya dakika chache. Huo ni mvuke wa maji. Watu wengi hushangaa kusikia kwamba lita moja ya petroli ikiungua hutoa karibu lita moja ya maji. Maji hayo hutoka kama mvuke ikiwa bomba ni moto. Lakini mtu awashaye injini dakika mbili tu na kuizima, kila siku hivyo hivyo, maji hubaki ndani ya sailensa na kuila kwa kutu. Heri uiache injini ipate moto barabara kila uiwashapo. Chini ya sailensa nyingine mna kitundu kidogo cha kutolea maji hayo; fundi asikizibe kwa kuchomelea akidhani ni kutu iliyotoboa.

Sasa tuje kwenye kuvuja. Mahali pavujapo mara nyingi ni pale bomba lifungwapo kwenye injini, penye gasketi. Dalili zake ni sauti kali ya tat-tat-tat iliyo tofauti na mngurumo wa siku zote, na alama nyeusi ya masizi kuzunguka kiungo. Mtikisiko wa injini hulegeza nati, nati zikilegea gasketi huungua, na bomba likicheza hupasuka shingoni. Ngoja injini ipoe kabisa, ndipo ukaze nati kwa zamu, kidogo huku na kidogo huku, usikaze moja mpaka mwisho kabla ya mwenzake. Usitumie nguvu za ng'ombe wa plau. Boliti ikikatikia ndani ya kichwa cha injini gharama yake yapita bei ya gasketi nyingi. Gasketi mpya ni ya lazima kila ufunguapo bomba. Kipande cha boksi hakifai, huungua siku hiyo hiyo.

Baadhi ya sailensa zina wavu mdogo mdomoni. Mafundi wengine huutoa ili injini ipumue. Wavu huo huzuia cheche. Mwezi wa Agosti na Septemba, nyasi zikiwa zimekauka, cheche moja yatosha kula malisho ya majirani wote. Usafishe kwa brashi, uurudishe. Na mtoto akigusa sailensa ya moto, au abiria wa boda boda akiungua mguu kama wengi walivyoungua, mwagieni maji safi ya baridi kwa dakika 20. Msimpake dawa ya meno wala unga.

Hayo ndiyo matengenezo, na mkulima yeyote mwenye spana aweza kuyafanya mengi yake. Lakini liko jambo ambalo spana hailiponyi. Sailensa iliyo nzima hupunguza kelele na kupeleka moshi kando, haiusafishi. Ndani ya moshi wa petroli imo hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Harufu unayoisikia ni ya vitu vingine. Sumu yenyewe huioni wala huinusi. Ikiingia mapafuni hushikamana na damu mara zaidi ya 200 kuliko oksijeni tunayoihitaji, na damu ikisha kujaa sumu hiyo haibebi tena uhai. Hewa yenye sehemu moja tu ya sumu hii katika kila mia yaweza kumwangusha mtu mzima kwa dakika chache.

Juu ya ardhi, penye upepo, moshi hutawanyika. Hatari iko kisimani. Na sababu ya watu kushuka na pampu kisimani yaeleweka. Pampu yoyote ya juu haiwezi kunyonya maji yaliyo chini yake zaidi ya mita 7 hivi, kwa maana si injini ivutayo maji. Ni uzito wa hewa ya dunia uyasukumao yapande katika mpira. Ukinunua injini kubwa mara mbili, bado ni mita 7. Basi kiangazi kikizidi na maji yakishuka, mkulima aona njia ni moja: kuishusha pampu kwa kamba, kuiweka juu ya jukwaa au ngazi ya udongo ndani ya kisima, na kuiwasha huko. Yeye aokoa nyanya zake, lakini ameingia pamoja na moshi katika chungu kisicho na mlango.

Wengine huunga mpira kwenye sailensa ili upeleke moshi juu. Mpira huyeyuka kwa moto, kiungo huvuja, na ukiwa mrefu huizuia injini kupumua. Wengine hushusha kwanza taa ya chemli, nayo ikiendelea kuwaka husema kisima ni salama. Taa huonyesha kama oksijeni imepungua, na hilo ni jambo jema kulijua, lakini sumu hii yaweza kuua huku taa ikiwaka vizuri. Wachimba makaa wa Uingereza walijua hivyo. Kwa miaka mingi walishuka na ndege wadogo katika vizimba, ambao huzimia kabla ya mtu, na desturi hiyo iliachwa mwaka 1986 tu, vipimo vya umeme viliposhika kazi yao. Sisi hatuna ndege hao wala vipimo hivyo visimani kwetu. Basi injini ya petroli isishuke kisimani, wala katika shimo refu la mchanga kando ya mto, hata kwa nusu saa. Wala usiiwashe ndani ya ghala au nyumba kwa sababu mvua yanyesha. Maji yakiwa chini ya mita 7, teka kwa ndoo, tumia pampu ya mkono ya kisima kirefu, au shirikianeni watu wa kisima kimoja mnunue pampu ya umeme wa jua iingiayo majini. Hiyo haina moshi.

Kama injini imekwisha kuwashwa kisimani na mwenzako aanguka, usishuke kumfuata. Katika ajali za namna hii mara nyingi afaye wa pili ni yule aliyeshuka kuokoa. Piga kelele watu waje, zimeni injini ikiwa yawezekana kutoka juu, na kama alifungwa kamba kiunoni mvuteni. Dalili za sumu hii kwa aliye bado macho ni kichwa kuuma, kichefuchefu, magoti kulegea na kusema maneno yasiyopangika. Mtoeni penye hewa, asitembee, na apelekwe hospitali upesi hata kama asema amepona. Akivuta hewa ya kawaida, sumu iliyo katika damu huchukua saa 4 au 5 kupungua kwa nusu. Kwa oksijeni ya hospitali ni kama saa moja na nusu au chini yake. Mwambieni daktari mara mfikapo kwamba mgonjwa alikuwa karibu na injini, maana kichwa kuuma na kutapika vyafanana sana na malaria, naye asipoambiwa aweza kuanza na dawa ya malaria.