Maji na Kimea: Rojo la Bia Liwe Zito au Jepesi?

Wasikilizaji wetu wengi wameona togwa ikitengenezwa. Uji mzito hupikwa, nao ukiisha kupoa kidogo hutiwa unga wa kimea. Baada ya muda uji ule huwa mwepesi, tena mtamu, wala haukutiwa sukari. Sababu yake ni kwamba nafaka iliyochipuzwa ina nguvu ya kugeuza wanga kuwa sukari.

Bia ya shayiri nayo hutengenezwa kwa nguvu iyo hiyo. Lakini togwa mara nyingi hunywewa pamoja na unga wake, na mpishi wa bia huchuja maji matamu akatupa machicha. Sukari iliyobaki katika machicha imepotea. Huko Uingereza, ambako tangu mwaka 1963 mtu aweza kupika bia ya kunywa nyumbani kwake bila leseni, wapishi hubishana sana: rojo la kimea na maji ya moto liwe zito au jepesi? Swali hili lagusa mfuko, maana mwenye kupata bia hafifu hudhani kimea ni kichache, akanunua kingine, na kumbe sukari aliitupa mwenyewe.

Rojo zito ni kama lita 2½ za maji kwa kilo moja ya kimea kilichosagwa. Jepesi ni kama lita 4. Huwekwa katika joto la digrii 65 hata 68 za sentigredi kwa muda wa saa moja hivi.

Jambo la kwanza la kuangalia ni kugeuka kwa wanga. Katika rojo zito nguvu ya kimea hukawia kuharibiwa na joto, lakini kazi yake huenda polepole. Katika rojo jepesi wanga hugeuka upesi zaidi. Basi mwenye rojo zito na akoroge vizuri, asifanye haraka. Na atie tone la maji ya rojo katika sahani nyeupe, aongeze tone la iodini. Likigeuka rangi ya buluu nyeusi, wanga ungalipo, na angoje. Tone hilo lisirudishwe chomboni.

Jambo la pili ni kuitoa sukari. Tufanye hesabu ya kilo 5 za kimea na maji lita 30 kwa jumla. Kila kilo hushika kadiri ya lita moja ya maji, basi lita 5 hubaki katika machicha. Mpishi wa rojo zito ametia lita 12½. Akichuja, huacha sehemu 40 katika 100 za sukari yake. Mpishi wa rojo jepesi ametia lita 20. Yeye huacha sehemu 25. Hapo twaweza kusema kwamba wa pili ameshinda.

Lakini hesabu haijaisha. Wa kwanza amebakiwa na lita 17½ za kusuuzia machicha, na wa pili ana lita 10 tu. Wakiisha kusuuza mara moja na kukoroga sawasawa, wa kwanza hupoteza kadiri ya sehemu 9 katika 100, na wa pili kadiri ya 8. Wamekuwa karibu sawa! Bali yuko mpishi wa tatu, atiaye lita zote 30 kwa mara moja asisuuze. Huyo hupoteza kadiri ya sehemu 17.

Basi twajifunza kwamba uzito wa rojo peke yake hauna tofauti kubwa, maadamu wanga umegeuka wote na machicha yamesuuzwa. Hasara kubwa ni ya yule atengenezaye rojo zito, akachuja, akaridhika. Wala kusuuza kusizidi kiasi: maji yakianza kutoka bila utamu, huchukua ukakasi wa maganda, na bia huharibika.

Kwa hiyo, kabla ya kuongeza kimea, mpishi na aonje machicha yake. Yakiwa bado matamu, dawa yake ni maji.